Kokoto Juu ya Nguo: Kamari ya Picha Katika Simu za Vijana Wetu

Sifa zote njema zinamstahikia Allah, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, usiku mmoja baada ya swala ya Isha, mzazi mmoja wa msikiti wetu alitujia akiwa amemshika mkono mwanawe wa miaka 15. Mkono wake wa pili ulibeba daftari lililochanwa vipande viwili. Alitaka tumkanye kijana kwa sababu ya "mashetani" anayoyachora usiku badala ya kudurusu: wasichana wenye pembe, mashujaa wenye mapanga ya moto, mbweha mwenye mikia tisa. Daftari alikuwa amekwisha kulichana nyumbani. Katika kuulizana habari ndipo ilipobainika kwamba kijana huyo, kwa muda wa wiki tatu, alikuwa ametumia shilingi 214,000 za babake, leo kidogo, kesho kidogo, akimtafuta mmoja wa wahusika wale ndani ya mchezo wa simu. Simu yenyewe ilikuwa mfukoni mwake, nzima kabisa. Baba alichana daftari, akaiacha simu.

Hatumlaumu mzee wetu huyo peke yake. Alivyofanya ndivyo tunavyofanya wengi wetu, maimamu na walimu wa madrasa tukiwemo. Tunaiona picha, tunashtuka, tunaipiga vita picha. Nyuma ya picha pana meza ya kamari, nayo tunaipita bila kuitolea salamu wala karipio.

Kwa wasioijua biashara hii, inafaa tuieleze. Makampuni ya Japani, Uchina na Korea Kusini hutengeneza michezo ya simu na kompyuta ambayo kiini chake ni mkusanyiko wa wahusika wa kubuni. Mchezo mmoja unaweza kuwa na wahusika makumi kadhaa, mwingine mamia. Kila mmoja amechorwa na wachoraji mahodari, ana jina lake, nchi yake ya kubuni, vazi lake, sauti yake, na kisa cha maisha yake: huyu yatima, yule mwana wa mfalme aliyefukuzwa, yule mlinzi wa msitu aliyeishi miaka elfu. Mchezaji huwakusanya kama watu wa zamani walivyokusanya stempu. Mchezo unaojulikana sana katika kundi hili ni Genshin Impact, uliotolewa Septemba 2020 na kampuni ya miHoYo ya Shanghai. Kuupakua ni bure.

Ni lazima tuseme kweli, maana dini yetu haikutufundisha kushinda hoja kwa uongo. Picha hizo zinapendeza. Tumeziangalia kabla ya kuandika, na tumekiri kwamba waliozichora ni mafundi. Tena mvuto wake hauishii machoni. Katika mchezo huo tulioutaja, siku ya kuzaliwa ya mhusika mchezaji hupokea barua kutoka kwake, pamoja na kijizawadi. Mhusika humsalimu mchezaji asubuhi, humsimulia huzuni zake, humwambia kwamba bila yeye vita visingeshindwa. Sasa tujiulize: kijana anayeishi chumba cha kupanga na ndugu watano, ambaye tangu Jumatatu hadi Ijumaa hakuna mtu mzima aliyemwuliza jambo lolote isipokuwa "umechota maji?", atashindwaje kuipenda barua hiyo? Kabla ya kumwita mjinga, tuhesabu ni mara ngapi sisi wenyewe tumemwandikia au kumwambia neno jema.

Wala hatusemi kwamba kuwaza viumbe visivyokuwepo ni dhambi kwa asili yake. Katika Sunan ya Abu Dawud imepokewa kwamba Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na vijisanamu vya kuchezea, na miongoni mwake palikuwa na farasi aliyetiwa mbawa mbili za kitambaa. Mtume (s.a.w.) alimwuliza juu ya farasi huyo mwenye mbawa, naye akajibu kwa kuwataja farasi wa Nabii Sulaiman (a.s.). Mtume (s.a.w.) alicheka hata magego yake yakaonekana. Hakumnyang'anya. Ama mas-ala ya taswira kwa upana wake, maulamaa wameyajadili tangu zamani na wangali wakihitilafiana, na ukurasa huu si mahali pa kuyamaliza. Ama wahusika wa kike wanaochorwa nusu uchi ili wauzike, hilo halihitaji maelezo, kila mwenye haya analijua.

Tunachotaka kukisema leo ni namna picha hizi zinavyouzwa.

Haziuzwi kwa bei. Laiti zingeuzwa kwa bei, tungebishana juu ya israfu na tukaishia hapo. Mchezaji hulipa, kisha hubonyeza, kisha kompyuta humtolea mhusika au silaha kwa bahati nasibu. Utaratibu huu huitwa gacha, jina lililotokana na mashine za Japani za kuuzia vijisanamu: mtoto hutia sarafu, huzungusha mkono wa mashine, na kimfuko cha plastiki huanguka, ndani yake mna kijisanamu asichokichagua. "Gacha" ni mlio wa kuzungusha, na "pon" ni mlio wa kuanguka. Mashine hiyo ilikuwa na kikomo, kwani mtoto akimaliza sarafu zake hurudi nyumbani. Iliyomo ndani ya simu haina kikomo hicho, wala haifungi duka usiku.

Tunawauliza masheikh wetu: je, biashara hii ni ngeni kwetu? Katika Sahih Muslim, Abu Huraira (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza biashara ya kokoto na biashara ya gharar, yaani yenye mashaka ndani yake. Wanavyuoni walipoieleza biashara ya kokoto walitaja sura kadhaa, na mojawapo ni hii: muuzaji hutandaza nguo zake, mnunuzi hulipa, kisha hurusha kokoto, na nguo itakayoangukiwa ndiyo yake, iwe nzuri au mbaya. Tumfikirie muuza kanga wa Kariakoo au wa Marikiti ya Mombasa akimwambia mama zetu: lipa kwanza, fumba macho, ingiza mkono gunia hili, doti utakayoikamata ndiyo yako, na ukitaka ile uliyoipenda ingiza tena kwa malipo mengine. Nani angekubali? Mama zetu wangempigia kelele soko zima. Lakini watoto wao wanaifanya biashara hiyo hiyo kitandani, wamejifunika shuka, nasi tunadhani wamelala.

Hesabu yenyewe ni hii. Katika Genshin Impact, uwezekano uliotangazwa wa kumpata mhusika wa daraja ya juu katika mvuto mmoja ni asilimia 0.6, yaani mara 6 katika kila 1,000. Akikosa mfululizo, mvuto wa 90 humhakikishia mmoja wa daraja hiyo. Ukiijumlisha dhamana hiyo, wastani hupanda hadi asilimia 1.6. Lakini huyo wa 90 huenda asiwe yule anayemtaka. Anaweza kuangukiwa na mwingine, ndipo aanze safari nyingine ya hadi mivuto 90, ambayo sasa mwisho wake humleta anayetafutwa. Kwa anayeandamwa na mkosi, hiyo ni mivuto 180. Ukinunua furushi kubwa kabisa la vito vya mchezo, linalouzwa karibu dola 100 za Marekani, unapata mivuto 50 tu na ushei. Kwa hiyo mhusika mmoja, picha moja, anaweza kumgharimu mtu takriban dola 350, ambazo ni zaidi ya shilingi 800,000 za Tanzania. Na hapo hajamaliza. Kumkamilisha mhusika nguvu zake zote kunahitaji nakala 7 za mhusika yule yule. Ukihesabu mivuto 180 kwa kila nakala, hiyo ni mivuto 1,260, karibu dola 2,500. Na kila mhusika wa namna hii hukaa mezani takriban wiki tatu, kisha huondolewa, na mchezaji hajui atarudishwa lini.

Waarabu wa zama za Jahiliyya walicheza maisir kwa mishale 10. Mishale 7 ilikuwa na mafungu ya nyama ya ngamia, na 3 ilikuwa mitupu. Saba katika kumi! Aliyetoa mshale wenye fungu, ada yao ilikuwa kuigawa nyama kwa maskini, na baadhi ya wafasiri wameeleza kwamba hayo ndiyo miongoni mwa manufaa yaliyokusudiwa katika Suratul-Baqara, aya ya 219, pale dhambi ya kamari ilipotajwa kuwa kubwa kuliko manufaa yake. Pamoja na maskini kula nyama, iliharamishwa. Hii ya sita katika elfu imemlisha maskini gani?

Tutazame pia majina. Fedha hugeuzwa fuwele, fuwele hugeuzwa vito, vito hununua tiketi ya kuvutia, na katika kugeuzwa huko kijana husahau kwamba alianza na fedha ya babake. Tiketi hiyo imepewa jina la Kiingereza lenye maana ya kadari. Kitendo cha kuvuta kimeitwa kutamani. Na ile dhamana ya mvuto wa 90, wachezaji wenyewe duniani kote huiita kwa neno lenye maana ya huruma. Kadari inauzwa kwa vito, na huruma inafika baada ya kulipa mara tisini! Huenda walioyabuni majina hayo hawakukusudia lolote dhidi ya dini ya mtu. Hata hivyo mtoto wetu anayakariri kila siku kuliko anavyokariri nyiradi za asubuhi na jioni.

Kuna hila nyingine ambayo tunaomba walimu wa hesabu waliomo misikitini mwetu waifundishe, maana ndiyo inayowanasa hata wenye akili. Chukua mkusanyiko wa picha 10, zote zenye nafasi sawa ya kutoka. Picha ya kwanza unaipata kwa mvuto mmoja. Lakini kadiri unavyokusanya, unatoa zile ulizo nazo tayari. Kwa wastani utahitaji mivuto 29 hivi kuzipata zote 10, na kati ya hiyo, mivuto 10 ni kwa ajili ya ile moja ya mwisho. Mwenye picha 9 anajiona amefika mlangoni, kumbe theluthi ya safari ingali mbele yake. Na hapo tumejaalia kwamba nafasi ni sawa, ilhali muuzaji huifanya ile ya mwisho kuwa adimu makusudi. Japani yenyewe iliona hatari hii. Mwezi Mei 2012 mamlaka ya nchi hiyo inayosimamia maslahi ya watumiaji ilitangaza kuwa ile gacha ya kukamilisha seti ili kupewa zawadi adimu inavunja sheria, na hisa za makampuni ya GREE na DeNA, yaliyotajirika kwa michezo ya aina hiyo, zikaanguka. Kuvuta kwenyewe hakukupigwa marufuku, kukaendelea kwa sura nyingine. Mwaka 2016 mchezaji mmoja wa Granblue Fantasy, mchezo wa Kijapani, alitumia takriban dola 6,000 usiku mmoja, mbele ya watazamaji, katika mivuto 2,276, akimtafuta msichana mmoja wa kuchorwa. Malalamiko yalipozidi, kampuni iliweka kikomo cha mivuto 300. Mtu mzima, dola 6,000 kwa picha! Basi wetu wa miaka 15 tunamshangaa nini?

Ubelgiji, mwaka 2018, tume yake ya kamari ilitamka kwamba masanduku ya bahati yanayouzwa kwa fedha ndani ya michezo ni kamari kwa sheria za nchi hiyo. Uchina tangu 2017 inayalazimisha makampuni kutangaza uwezekano wa kila zawadi, na ndiyo maana tumeweza kukuandikieni ile asilimia 0.6. Marekani, Januari 2025, wauzaji wa Genshin Impact nchini humo walikubali kulipa dola milioni 20 katika shauri lililofunguliwa na tume ya biashara ya serikali, na kutowauzia masanduku hayo walio chini ya miaka 16 bila ridhaa ya wazazi. Nchi hizo hazihukumu kwa Qur'an. Sisi tunaoisoma Suratul-Maida, aya za 90 na 91, ambamo kamari imewekwa safu moja na ulevi na ikaelezwa kwamba inazuia watu na kumkumbuka Allah na kuswali, tumetoa khutba ngapi juu ya jambo hili? Tumepiga kelele, na tumefanya vyema, dhidi ya kubeti mpira. Vibanda vya kubeti vina mabango barabarani na kila mtu anaviona. Hii haina bango, na imeitwa mchezo, basi imepita.

Tulipata nafasi tukaipoteza. Mwaka 2001 maulamaa wa Saudi Arabia walitoa fatwa dhidi ya Pokémon. Mnakumbuka, kilichosambaa midomoni mwa watu ni habari za nyota zilizochorwa kwenye kadi na maana za siri za majina. Lakini fatwa hiyo ilitaja kamari pia, na hiyo ndiyo ilikuwa hoja nzito: kadi zile huuzwa ndani ya pakiti iliyofungwa, mnunuzi hajui kilichomo, na iliyo adimu huthaminiwa kuliko pakiti nyingi kwa pamoja. Watoto waligundua upesi kwamba hadithi nyingi za majina zilikuwa uzushi, wakatucheka, na walipotucheka wakaitupa na hoja ya kweli. Hatutaki kurudia kosa hilo. Khatibu atakayepanda mimbari akasema pembe za wahusika hawa ni alama ya dini fulani ya siri, ajue kwamba kijana aliyeko safu ya nyuma anakijua kisa cha mhusika yule kuliko yeye, na hatamsikiliza tena hata katika la haki.

Wako wanaotujibu. Wa kwanza husema: kila mvuto unatoa kitu, hakuna anayetoka mikono mitupu, basi kamari iko wapi? Tunamrudisha kwenye kokoto. Nayo haikukosa kuangukia nguo. Wa pili husema: mchezo ni bure, na mtu anaweza kuvuta kwa vito alivyovichuma kwa kucheza tu bila kutoa senti. Ni kweli, na aliye hivyo hatumpi hukumu ya mlipaji. Lakini mvuto wa bure ndio uliomzoesha mkono, na aliyetoa kionjo hicho hakukitoa kwa sadaka. Wa tatu husema: zitakuja kupanda thamani. Huyu amechanganya na zile picha zilizosajiliwa kwa sarafu za mtandaoni, kama mkusanyiko wa nyani 10,000 uitwao Bored Ape uliotolewa Aprili 2021. Nazo hizo wanunuzi wa mwanzo walilipa kabla ya kujua watapata nyani gani. Bei zake zilifika dola laki kadhaa kwa picha moja mwaka 2022, kisha zikaporomoka. Wahusika wa michezo ya gacha hata hilo hawana: kwa masharti yaliyoandikwa, mchezaji hamiliki chochote, na kampuni ikizima mitambo yake mkusanyiko wote hupotea.

Wazazi, tunakuombeni mambo yasiyo mageni. Kadi ya malipo na namba ya siri ya fedha za simu isikae katika simu anayoichezea mtoto. Mkae naye, awaonyeshe wahusika wake, mwulizeni anampenda nani na kwa nini, kisha mwulizeni alimpataje. Jibu la swali la mwisho ndilo la kufuatilia. Anayependa kuchora, apewe karatasi na rangi. Madrasa zetu zina mbao na chaki, na sanaa ya khati na nakshi ni urithi wetu, milango ya Lamu na Unguja inashuhudia. Makhatibu, ombi letu ni Ijumaa moja tu juu ya biashara ya kokoto, mwisho wake mkitaja simu.

Yule mzee tulimshauri amnunulie mwanawe daftari jingine, naye aliguna, lakini alisema atanunua. Kuhusu simu tulikubaliana ibaki kwake baba kwa mwezi mmoja. Walipokuwa wanavaa viatu mlangoni, kijana alirudi peke yake, akatuuliza kwa sauti ya chini na kwa adabu kama itajuzu amalizie kwanza, kwa sababu mhusika wake anaondolewa keshokutwa na yeye amebakisha mivuto 12 kufikia huruma.